Jina Nyuma ya Saa

Tupa alikuwa anang'arisha bamba la nyuma la saa yake ya ukutani alipomwona baba yake mlangoni mwa karakana ya chuo, amevaa koti la shughuli, mikono yote miwili mifukoni.

Jina hilo la Tupa alipewa na wanafunzi wenzake, maana tupa, chuma cha kusugulia shaba, haikumtoka mkononi. Kwa miezi kumi alikata magurudumu ya shaba na kuyalainisha jino kwa jino, hadi saa ikakubali kutembea. Siku ya tisa leo haijasimama. Lililobaki ni kuchonga jina la mtengenezaji, kisha mkufunzi aje kuikagua saa sita mchana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Mzee, fundi saa wa miaka mingi, aliinama akatega sikio. "Inatembea. Mimi mwenyewe nisingefika hapa."

Hakuwahi kumsifu. Tupa akajua kuna neno.

"Jina hujachonga?"

"Bado."

"Basi chonga langu."

Tupa akacheka, akidhani anataniwa. Mzee akatoa mikono mifukoni. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

"Wateja wameanza kunong'ona," alisema. "Wakiiona hii dukani kwangu, watanyamaza. Wewe utafanya kazi chumba cha nyuma, mimi nitapokea watu. Mikono yangu ni wewe sasa."

"Baba, nimeshapata kazi kwa mafundi wa saa za minara. Naanza mwezi ujao."

"Watapata mwingine. Mimi nitampata nani?"

Hapana ilishamfika Tupa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mzee alikuwa ameokota kalamu ya chuma ili achonge mwenyewe. Ncha ikateleza, ikaacha mkwaruzo mrefu katikati ya shaba. Wanafunzi wakageuka. Mzee akabaki anautumbulia macho, kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

Tupa akaichukua kalamu taratibu. Akachonga jina la baba yake, herufi baada ya herufi, juu ya mkwaruzo mpaka ukamezwa.

Saa sita mkufunzi, mama mfupi asiyependa masihara, akaigeuza saa.

"Huyu nani?"

"Baba yangu."

"Nimeuliza aliyetengeneza."

Tupa akamtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

"Ni yeye."

Mkufunzi akavua miwani. "Nimekuona hapa kila siku, binti. Lakini cheti sitoi kwa saa ya mtu mwingine." Akangoja kidogo, labda binti angebadili kauli. Kisha akasogea meza ya pili.

Chumba cha nyuma cha duka hakikuwa na dirisha. Palikuwa na taa, meza, na pazia zito. Wiki ya tatu ya Tupa humo, mteja mmoja alisimama mbele ya ile saa ukutani, akapiga makofi.

"Mzee, ufundi bado unao! Na huyo nyuma ya pazia?"

"Binti yangu," mzee akajibu. "Ananisaidia kufagia."

Tupa alikuwa ameshika kwa kibano skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Akabana pumzi isije ikamdondoka, akingoja mteja atoke na mlango ufungwe. Lakini mteja alivuta kiti, akakaa, akaanza kusimulia safari yake tangu mwanzo.