Fomu Mbili za Runa

Jumanne saa nne asubuhi Åshild alikuwa akikoroga uji wa maziwa jikoni, wasichana wawili wakaingia, wakavua viatu mlangoni kama inavyopasa, wakakaa mezani. Wote walikuwa na miaka miwili na nusu na sura ya binti yake, Runa. Runa mwenyewe alikuwa sakafuni, shavu kaliegemeza kwenye mashine ya kufulia ili ahisi mtetemo.

Runa haoni wala hasikii. Watu wake anawajua kwa kuwapapasa kifundo cha mkono: mama ana bangili ya sufu yenye kifungo cha mti, baba ana mkanda wa ngozi. Alama haiazimwi. Ukivaa ya mwenzio umemdanganya mtoto.

"Oddvar, hivi tuna watoto wangapi?" Åshild alimuuliza mumewe.

"Mmoja. Au kuna fomu uliyojaza?"

Kweli alikuwa amejaza. Halmashauri yao ina ofisi ya macho ghorofa ya kwanza na ya masikio ghorofa ya pili, na kila fomu ilionya: usichanganye matatizo. Åshild ni mtu wa kufuata maelekezo. Kwenye fomu ya macho aliacha wazi sehemu ya masikio, ofisi ikajijazia "mazima". Ghorofa ya pili nao wakafanya vivyo hivyo kwa macho, kila ofisi ikapata Runa wake.

Basi mmoja wa wageni alikuwa haoni ila anasikia hata kijiko kikianguka kwa jirani, na wa pili hasikii ila anaona jibini lilikofichwa. Yule wa kwanza akaita, "Mama." Åshild alikuwa amelingoja neno hilo miaka miwili. Alifurahi, akaona haya, mwishowe hata hakujua anachokihisi ni nini.

Walimu wakaanza kuja: Jumatano wa nyimbo, Alhamisi wa ishara. Watu wazuri, wanakunywa kahawa na kuosha vikombe vyao. Mwalimu wa asiyeona wala kusikia, anayesema na mtoto kwa kumgusa mkononi, hakuja, na huyo hutolewa kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu tu. Runa alibakiza miezi sita. Åshild akawavalisha wote watatu makoti, akaenda nao ofisini.

"Binti yako anaendelea vizuri mno," alisema Torunn, karani wa macho. "Hata wa ghorofa ya juu wanamsifu."

"Hawa wawili si wangu. Wangu ni huyu."

Torunn alimwangalia Runa, aliyekuwa akilamba mguu wa meza. "Huyu hayumo. Na nikiandika Runa wa tatu, wenzangu watasema nimekunywa."

"Basi waunganisheni hao wawili."

"Hilo ni la ghorofa nyingine."

"Ipi?"

Torunn alifikiri kwa moyo mweupe kabisa. "Jengo limeishia hiyo ya pili," alisema.

Nyumbani Oddvar aliongeza viti. Runa aliwapapasa wale wageni mikono, mmoja baada ya mwingine, hakukuta alama, akawaacha. Akatafuta kifungo cha mti, akakipata, akauweka mkono wake ndani ya kiganja cha mama yake.

Åshild alikuwa anajua maneno manne tu ya mkononi: maji, kula, lala, njoo. Akayasema yote. Runa hakuuondoa mkono. Alikuwa akisubiri la tano.