Chupa Zenye Uzi Shingoni

Mama Chupa alikuwa uani anapeta karanga zilizotoka jikoni, maganda yakimrukia hadi kwenye nyusi, wifi yake alipotokea akijifuta mikono, kichwa juu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Leo mkaguzi atajitazama kwenye chupa zetu achane nywele. Nimezisugua zote, wifi. Hata yale manyuzi nimeyakata."

Ungo ukasimama hewani. "Manyuzi gani?"

"Ya shingoni. Yalikuwa yanatia aibu."

Mama Chupa alijiketisha juu ya gunia, akacheka mpaka machozi yakagandana na maganda mashavuni. Kila mteja wake alikuwa na chupa yake ya kioo, na kila chupa ilifungwa uzi wa rangi ya mwenyewe: mwekundu wa fundi cherehani, wa bluu wa mwalimu mstaafu. Mtu anamaliza siagi ya karanga, anarudisha chupa, inachemshwa, inajazwa tena. Hakuna kinachotupwa. Sasa zilikuwa zimejipanga mezani zinametameta, hazijulikani za nani.

"Umeniweza, wifi."

"Si nilitaka upate lebo?"

Lebo yenyewe ilikuwa jani dogo la kijani. Duka kubwa la pale kona lilikuwa limetangaza kwamba chakula kisicho na jani hilo kinaondoka rafuni leo leo. Na rafu hiyo ndiyo iliyomlipia Mama Chupa kodi ya chumba, karanga zenyewe zikipanda bei kila anapokwenda sokoni.

Mkaguzi alifika akiwa na viatu vinavyong'aa kuliko chupa. Akachungulia mashine ya kusagia, akanusa, akaonja, akaonja tena.

"Siagi yako haina kasoro, mama. Tatizo ni chupa. Zimeshatumika."

"Zimechemshwa, baba."

"Naona. Lakini jani linabandikwa kwenye kopo jipya la plastiki tu."

"Na hilo jani maana yake nini?"

Mkaguzi akakohoa. "Kwamba chakula hiki kinatunza mazingira."

Wifi alikimbilia jikoni, na kicheko chake kikasikika huko huko.

"Kwa hiyo nitupe vioo," Mama Chupa alisema taratibu, "ninunue plastiki, watu wakishakula waitupe mtaroni, hapo ndipo mazingira yatapona?"

"Kanuni sikuitunga mimi, mama. Mimi nimetumwa tu." Akalamba kijiko, akaaga.

Mchana Mama Chupa alikwenda dukani kuchukua mzigo wake. Mahali pake rafuni palikuwa pameshajazwa makopo ya plastiki, kila moja na jani lake. Alirudi na kreti kichwani. Rafu ilikuwa imekwenda; kodi ya chumba haikuwa imekwenda popote.

Jioni wateja walimjia kama kawaida, na ua ukageuka baraza.

"Hiyo yangu, ina ufa hapa chini," alisema mwalimu mstaafu.

"Ufa unao wewe kichwani," fundi cherehani akamjibu. "Hiyo naijua kama mguu wangu." Lakini ni yeye aliyekwenda kuleta kikapu cha nyuzi, wakaanza kufunga upya, kila mtu akitetea rangi yake. Waliposikia habari za dukani, hawakutoa pole. Walifungua ile kreti na kila mmoja akachukua chupa ya pili. Kreti haikwisha, ila ilipungua.

Ndipo mkaguzi alipoingia, safari hii amevaa kandambili, kopo tupu la plastiki lenye jani la kijani mkononi.

"Nimetoka kazini," alijitetea kabla hajaulizwa. "Nijazie humu, mama. Ile ya dukani watoto wameikataa."

Mama Chupa alilipokea kopo, akaligeuza, akampa fundi atilie vipande vya uzi. Kisha akatoa chupa moja kwenye kreti.

"Rangi gani?"

"Yoyote."

"Mfungie kijani," fundi alisema. "Ameshaizoea."

Ua mzima ukacheka, na mkaguzi mwenyewe akajikuta amecheka. Mama Chupa alikaza fundo, akamkabidhi chupa, lakini hakuiachia mara moja.

"Ukimaliza uirudishe, baba. Huku tunatunza mazingira."