Mwendo wa Mkwe

Alfredi alizaliwa njiani, kati ya Lupaso na zahanati, kwa sababu hakutaka kungoja mama yake afike. Tangu siku hiyo hakungoja kitu. Alipokuwa bodaboda Lisekese, abiria wake walishuka wakiwa wamemaliza sala zote wanazozijua, wa msikitini na wa kanisani sawasawa. Baadaye akauza pikipiki, akanunua injini ya boti, akashuka nayo bondeni chini ya mteremko wa Newala, akawa anabeba wakulima na magunia yao kwenye mto Ruvuma kwenda na kurudi mashamba ya mpunga. Watu wa kule juu maji waliyajua kwa ndoo tu. Boti waliiona ni pikipiki iliyong'olewa magurudumu, na Alfredi mwenyewe hakuwahi kuiona vingine.

Kitu kimoja tu duniani alikipenda kwa sababu ya upole wake, nacho ni mwendo wa mkewe. Alimwona Josephina mara ya kwanza sokoni Masasi, dumu kichwani, mabega yametulia, akitembea kana kwamba ardhi imelala na yeye hataki kuiamsha. Alfredi akasimamisha pikipiki katikati ya barabara, wenye magari wakamtukana mpaka wakachoka. Walipooana akagundua kwamba mwendo ule haukuwa wa Josephina peke yake. Aliurithi kwa mama yake, Dominika, mwanamke wa Mnyambe ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua inaponyesha.

Na mkwe, kwa watu wale, si mtu wa kuchezea. Ukimkuta njiani humpiti. Unasogea pembeni, unachuchumaa, unatazama chini mpaka apite. Ukiwa na neno naye, humwambii uso kwa uso, unamtuma mtu katikati alipeleke. Alfredi aliyajua hayo yote. Tatizo lake ni kwamba adabu inataka mtu uwe umeona kwanza aliye mbele yako, na yeye kwa mbio zile alikuwa haoni.

Ikatokea hivi. Msimu wa kilimo Dominika hushuka kutoka Mnyambe na kukaa bondeni kwenye kibanda chake cha shamba. Siku moja mto umejaa, yuko kwenye kona ya kufulia anasuuza sare yake ya kina mama wa kanisani, Alfredi akapita na boti kama mtu anayefukuzwa. Boti ikaenda zake. Wimbi lake likabaki nyuma, likapanda ukingoni, likamlowesha mama wa watu mpaka kilemba, likashuka na sare. Kitenge cha buluu kikaelea, kikakata kuelekea ng'ambo, kikaingia Msumbiji bila kuulizwa kitambulisho. Jumapili iliyofuata kina mama wote walisimama kuimba wakiwa wamevaa buluu, na Dominika katikati yao na kitenge chenye picha za kuku.

"Mama yangu kaaibika mbele ya kanisa zima," Josephina alisema akifunga nguo zake, "na wewe hata kusimama hukusimama."

"Sikumwona!"

"Ndiyo. Hukumwona."

Akaenda kwa mama yake. Kesho yake ukaja ujumbe, umepita midomo ya watu kama desturi inavyotaka, na kila mdomo ukiongeza chumvi kidogo: Mwambieni mwanaume huyo ajifunze kwanza kutembea.

Kibanda chenyewe kilikuwa hapo tu. Kuku wa mama mkwe akitaga, Alfredi alisikia kutoka gatini. Lakini angeendaje? Kwa mkwe aliyekasirika huendi mikono mitupu na mdomo mtupu, unamtuma mshenga. Akamwendea mjomba wake, Yeremia, mjomba akasema subiri nivune kwanza. Basi akasubiri mjomba avune. Kisha Alfredi mwenyewe akasema acha nitengeneze injini. Kisha mvua. Mtu ambaye hakuweza kungoja ugali uive alingoja wiki baada ya wiki, akilala peke yake na kula mihogo aliyoiunguza mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa afike pale, Josephina amtazame mara moja tu, aingie ndani.

Huku nyuma malalamiko ya mawimbi yalipanda mlima mpaka Newala mjini, yakaangukia meza ya afisa mmoja aitwaye Ambakisye. Huyu alikuwa mtu wa Kyela, aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kusomea vyombo vya majini, na wakubwa kwa hekima yao wakampanga mahali ambapo maji hupatikana kwa foleni. Miaka yote hiyo alikuwa akihesabu vikao tu. Siku alipoambiwa kuna boti inasumbua watu, alikaribia kulia kwa furaha. Akavaa buti mpya, akashuka.

"Sheria yangu ni fupi," alimwambia Alfredi pale gatini. "Penye watu wanaofua, wanaooga, wanaovuka na mitumbwi, boti iende mwendo wa mtu anayetembea. Isizidi hapo. Ukiweza leo, kibali unacho. Ukishindwa, injini napanda nayo mlimani."

"Nitajuaje kama nimefika mwendo huo, bosi? Hii haina mshale wa spidi."

Ambakisye akatoa simu kwa madaha. Simu ikatafuta mtandao, ikatafuta, ikakata tamaa. Akairudisha mfukoni taratibu, kama mtu ambaye hakuwa na haja nayo.

"Tutamtumia mtu," akasema akipanda botini. "Mtu atembee ukingoni, wewe umfuate sambamba majini. Hata kwetu ziwani tulifundishwa hivyo. Mguu haudanganyi."

Mguu unadanganya sana. Afisa hakujua, au alikuwa amesahau, kwamba binadamu ana mwendo wa kwenda kazini na mwendo wa kwenda kwenye semina yenye posho, na haifanani hata kidogo. Wa kwanza kutembezwa alikuwa Mwalimu Ebenezer, aliyekuwa akipita zake. Alitembea mikono nyuma, akisimama kila hatua chache kurekebisha Kiswahili cha watoto waliokuwa wakimzomea, na boti ikawa inapandisha na kushusha moto kama mgonjwa wa kwikwi. Wa pili alikuwa mzee aliyesikia kwamba ng'ambo ya kichaka kuna pombe imeiva. Huyo hata injini ilimkosa.

Ambakisye akajifuta jasho. Ndipo akaona mtu mbele kabisa, juu ya ukingo, akipanda kuufuata mto, furushi kubwa la kuni kichwani limemficha uso.

"Yule!" akasema kwa shangwe. "Umeona mwendo? Hauongezeki, haupungui. Yule mama ndiye kipimo. Mfuate, ubaki ubavuni kwake, usimzidi."

Alfredi hakuhitaji uso. Aliona mabega. Aliona kisigino kinavyowekwa chini kwa ustaarabu.

"Bosi, tafuta mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Yule… yule ni mkwe wangu."

"Vizuri! Basi atakusaidia. Washa."

Injini ikawashwa. Alfredi akaisogeza boti kwa mbali, macho ameyatupa majini. Na hapo likajitokeza jambo ambalo sheria fupi haikuliwaza: mama alikuwa anapanda mto, na mto uliojaa ulikuwa unashuka. Ili boti iende sambamba na mtu anayekwenda zake tu, ilibidi injini ingurume kwelikweli, na kila ilivyonguruma ndivyo wimbi lilivyoinuka nyuma na kwenda kuupiga ukingo. Alfredi akageuka, akaliona linatambaa kuelekea miguu ya mama mkwe. Akaona kitenge kingine kinakwenda Msumbiji. Akapunguza moto, boti ikabaki nyuma.

"Ongeza! Unaachwa!" Ambakisye akapaza sauti.

Akaongeza kidogo. Wimbi likainuka. Akapunguza.

"Wewe bwana, nimekuomba mwendo wa mtu, unanipa mwendo wa mwali anayetolewa nje! Ongeza!"

Kwa kelele hizo mama akasimama. Akageuka na furushi lake zima, akaiona boti, akamwona aliyemo. Akageuza uso upande wa shamba, kama heshima inavyotaka, na hakusogea tena.

Alfredi akapunguza moto mpaka injini ikawa inanong'ona. Akachuchumaa ndani ya boti. Mto ukaichukua boti polepole, ikaanza kurudi kinyumenyume kwa adabu zote.

"Mbona tunarudi?" afisa akauliza.

"Amesimama, bosi. Umesema nisimzidi."

"Basi mpite sasa!"

"Siwezi kumpita mkwe."

Ambakisye akashika kichwa. Kwao Kyela nako wakwe wapo, tena wana masharti yao ya kumshinda mtu, lakini hakuna aliyewahi kuyaleta kwenye kazi ya serikali. Akakamata mzizi mmoja ukingoni kabla boti haijarudi mpaka gatini, akaita:

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba," Dominika akajibu akiwa bado ametazama mpunga. "Nangu mimi si mguu wa serikali. Mwambie mtu huyo apite, nina kuni kichwani."

Walikuwa karibu kiasi kwamba wangeweza kupeana chumvi. Hata hivyo Ambakisye akajikuta amegeuka, akasema, "Anasema upite."

"Mwambie siwezi kumpita."

"Anasema hawezi kukupita, mama."

"Nimesikia. Muulize, mbona siku ile aliweza?"

Afisa akageuka tena. Hakulirudia swali. Aliona jinsi shingo ya Alfredi ilivyoshuka, na mtu mzima huelewa kwamba hapo hapapimwi tena spidi.

Alfredi akainyamazisha injini kabisa. Maji tu yakawa yanapita chini ya mbao. Kwa wiki zote zile alikuwa ametunga maneno mazuri ya kumpa mshenga, yenye methali ndani. Yote yakamkimbia.

"Mwambie nimekosa," akasema. "Mwambie si kwamba nilimwona nikamdharau. Sikumwona. Na hilo ni baya zaidi, maana kama mtu hamwoni mama wa mkewe, anaona nini? Mwambie… mwambie nyumba imekuwa kubwa."

Ambakisye akakohoa. Alikuwa na digrii, na hakuna somo lililomwandaa. Akasema, "Mama, anasema…" kisha ikabidi aanze upya. Akalifikisha neno kwa neno, hata lile la nyumba.

Dominika alishusha kuni. Akavunjavunja kijiti kimoja kikavu, akitafakari mpunga.

"Mwambie sare imeshonwa nyingine," akasema mwishowe. "Mwambie leo nimetembea na boti haikunilowesha. Na mkewe mwambie yupo. Hakufungwa kamba." Akajitwisha mzigo wake mwenyewe, akaingia kichakani, na kijia kikammeza kwa mwendo uleule.

Kibali kiliandikwa palepale, juu ya goti. Penye nafasi ya mwendo unaoruhusiwa karibu na watu, Ambakisye alifikiri, akaona "mwendo wa mtu" umemtia aibu vya kutosha kwa siku moja, akaandika: mwendo wa mkwe, wimbi lisifike ukingoni. Mpaka leo waendesha boti wa bondeni wanalitumia neno hilo, na maafisa wanaokuja baada yake hudhani ni kipimo cha kitaalamu. Akapanda mlima buti zimejaa tope, amefanya kazi ya mshenga bila hata kupewa kuku.

Alfredi akabaki gatini. Sasa aende au asiende? Mama alisema yupo, hakusema nenda kamchukue. Akawaza labda amtafute mjomba kwanza, apeleke neno la kuthibitisha. Bado akipima hivyo, akaona mtu anakuja kwenye kijia, furushi la nguo kichwani. Akautambua mwendo, halafu akautilia shaka, kwa sababu safari hii ardhi haikuwa inabembelezwa. Josephina alikuwa anakaza hatua, kanga ameishika mkononi, vumbi nyuma yake.

Akafika, akatupa furushi botini, akapanda.

"Karibu, mke wangu," Alfredi alisema. "Umekuja haraka."

"Haraka?" Josephina akamtazama. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya vumbi. "Nguo hizi nimezifunga tangu wiki ile ya kwanza. Mama alisema akija tu, hata kama ni kusimama pale mlangoni bila neno, unakwenda naye. Kila siku nasikia injini yako inapita, nasema leo. Sokoni unakimbia, mtoni unakimbia, barabarani watu wanakukimbia. Ni kwangu tu, Alfredi, kwangu peke yangu, ndiko ulikojifunza kwenda polepole?"

Safari hii Alfredi hakuwa na mtu katikati wa kumtuma alipeleke jibu.

"Washa basi," Josephina akasema, akijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Twende nyumbani. Na ukazane, nina njaa."

Akavuta kamba, injini ikaitika. Mbele yao kulikuwa na kona ya kufulia, na kina mama wawili walikuwa wameinama majini wakisuuza nguo. Alfredi akawaona wangali mbali, akapunguza moto, na boti ikaenda mwendo wa mkwe mpaka wakapita.