Kutoka Umojani

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Fides alifunua kahawa kichanjani, akaitandaza kwa viganja mpaka ikalingana, kisha akaanza kuchambua. Punje mbovu alizitupa kwenye bakuli la bati miguuni pake. Mikono iliijua kazi hiyo yenyewe, naye akapata nafasi ya kuwaza ya kwake. Asubuhi hiyo alikuwa hajafika katikati ya kichanja cha kwanza pale chuma cha kuitia mikutano ya chama kilipogongwa, kikagongwa tena, kikaendelea kugongwa kana kwamba kuna nyumba inaungua.

Alisimama na konzi ya kahawa mkononi. Mkutano ulikuwa wa Jumamosi, na leo ni Jumatano.

"Wameuwahisha," alisema Ezron, mumewe, akitoka ndani huku akifunga vifungo vya koti alilorudi nalo kutoka migodini Rhodesia. "Mnunuzi wa Mlowo anataka jibu leo kama tunajitoa Umojani. Funika, twende."

"Na watu wa Bondeni wameambiwa?"

"Kaka yako ameambiwa. Inatosha."

Umoja ulikuwa wa vyama viwili vya wakulima wa kahawa, Mlimani na Bondeni. Walikuwa na lori moja, mashine moja ya kukobolea iliyofungwa kando ya mto kule chini, na jina moja lililopigwa chapa kwenye magunia. Fides alizaliwa Bondeni, akaolewa Mlimani, na kwa miaka kumi na mbili hakuwahi kuona kwamba hizo ni nchi mbili. Halafu msimu uliopita ikaja barua kutoka kwa wapimaji: kahawa ya Umoja imeshuka hadi daraja la tatu, kwa kuwa ndani yake mna punje nyingi zilizovunwa mbichi. Tangu siku barua hiyo iliposomwa, Mlimani nzima ilikuwa na usemi mmoja: Bondeni wametuharibia.

Fides alijua ni nani aliyeharibu. Mwezi wa tano mwaka jana, Ezron na wanaume wengine sita walitaka kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda migodini kabla nafasi hazijajaa. Kwa siku mbili waliikwanyua miti yao yote, matunda mabivu na mabichi pamoja. Fides alichambua mpaka kiuno kikakataa, na bado lundo likabaki kubwa. "Changanya," Ezron alimwambia. Akachanganya. Wake wa wale sita nao walichanganya. Tangu hapo walipokutana kisimani waliongelea mvua tu.

Uani mbele ya ghala, wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye majani karibu na ukuta. Amoni, kaka yake Fides, alisimama peke yake, suruali imelowa umande hadi magotini, kofia mkononi. Mzee Nathanaeli, mwenyekiti wa Mlimani, aliomba sala fupi, akamwambia aseme.

"Baba zangu, mkitoka, lori halitakuja tena," Amoni alisema. "Magunia yetu peke yake hayalijazi. Tutayabeba kichwani mpaka barabarani Nanyala, na mwenye gari atatutoza anavyotaka. Hilo ni letu, sawa. Lakini na nyie tazameni lenu. Mnunuzi wa Mlowo leo anawapa bei nzuri kwa sababu Umoja upo. Umoja ukifa, mwakani atawapa bei gani, na mtaenda kumlalamikia nani?"

"Kwani wewe umekuwa mganga, unaiona mwakani?" alidakia Lwitiko, mcheshi wa Mlimani, na watu wakacheka.

"Mashine je?" Amoni aliuliza. "Mtakobolea kwa kitu gani?"

"Mnunuzi ameahidi mashine."

"Ameiahidi kwa maandishi?"

Lwitiko alikohoa. "Shemeji yetu, wewe tuletee kahawa iliyoiva kwanza, ndipo utuulize maandishi. Kahawa yenu ile, hata mbuzi angeitema!"

Kicheko kikazunguka tena. Amoni alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Fides alimwona akiikunja kofia. Kule chini Amoni alikuwa na watoto sita, na miche yake ilianza kuzaa juzi tu.

Bwana mmoja mtaratibu wa Mlimani, Damiano, aliinuka. "Mimi naogopa jambo jingine," alisema. "Tukiwa vyama viwili, hata Bwana Shauri wa wilaya husikiliza. Tuliomba daraja la mtoni tukiwa pamoja, likajengwa. Tukigawanyika, barua ya nani itajibiwa?"

Baadhi waliitikia kwa vichwa. Mzee Nathanaeli akainua mkono. "Damiano, daraja ni zuri. Lakini mtu hafungi ng'ombe wake zizi moja na ng'ombe mwenye homa wa jirani. Shida ni kahawa mbichi. Bila hiyo tusingekuwa hapa. Au kuna anayesema vinginevyo?"

Fides hakujua amesimama saa ngapi. Alijikuta anatazama mabenchi kutoka juu, na uso wa Ezron ukiwa umegeuka kumwangalia.

"Mama Ipyana, kaa," Ezron alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ile kahawa mbichi ilikuwa yetu," Fides alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ilikuwa yetu, Mlimani. Niliichanganya kwa mikono hii. Waliokwenda migodini waliikwanyua mbichi, sisi wanawake tukaichanganya. Yunisi yupo hapa, Ketrina yupo. Waulizeni. Bondeni hawakuharibu kitu."

Yunisi aliinamisha uso. Ketrina alianza kulia bila sauti, na hilo lilikuwa jibu tosha. Lwitiko, ambaye naye alikuwa miongoni mwa wale sita, aliinama kufunga kiatu. Amoni alimtazama dada yake, na Fides akaona matumaini yakimpanda usoni, akafurahi. Sasa imekwisha, aliwaza. Sasa watabaki.

Mzee Nathanaeli alifuta miwani yake, akaivaa.

"Tumesikia," alisema. "Tupige kura. Wanaotaka kutoka wasimame upande wa ghala. Wanaotaka kubaki, upande wa barabara."

Damiano akaenda upande wa barabara, na wazee wawili nyuma yake. Wengine waliinuka polepole, wakipangusa suruali, bila kutazamana. Walikwenda upande wa ghala. Lwitiko akaenda. Watu waliokuwa wameitikia maneno ya daraja wakaenda. Ezron alikaa benchini mpaka akabaki peke yake, kisha naye akainuka, akapita mbele ya mkewe, akasimama pamoja nao.

Amoni hakuelewa. "Jamani, si amesema? Kahawa haikuwa yetu. Mwenyekiti mwenyewe alisema shida ni hiyo tu. Sasa mnatoka kwa nini?"

Mzee Nathanaeli alianza kukunja karatasi zake.

"Shemeji," Amoni alimgeukia Ezron. "Ulikuja kwetu kuposa, ukala kwa mama yangu. Niambie wewe. Kwa nini?"

Ezron alitazama ardhi, kisha akamtazama Fides, kisha shemeji yake. Alipofungua mdomo, alisema kama mtu anayetua mzigo alioubeba safari nzima.

"Mko wengi, shemeji. Miche yenu michache, lakini vichwa vyenu ni mara mbili ya vyetu, na katika Umoja kila kichwa ni kura. Mwakani mwenyekiti wa Umoja angetoka Bondeni, na angekwenda kukaa na Bwana Shauri kwa niaba yetu. Barua ile ilitufaa tu kama kisingizio. Hata kama kahawa yenu ingekuwa dhahabu, hatutaki kutawaliwa na nyie."