Mwaka wa Ukingoni

Bernadeta alikuwa akipepeta dagaa uani kwake Ilemela wakati baba yake, Mzee Mashimba, aliyefariki mwaka 2009, alipoingia na vumbi la saruji kwenye nywele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimezunguka sana leo."

Aliweka sarafu ya dola kwenye ungo, akaketi kupumzisha magoti. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Aliitoa chini ya jiwe la kwanza la ukuta wa hoteli, mahali ambapo mwekezaji aliizika mwenyewe mbele ya watu, kwa kutafuta heri. Ukuta ulikata kiwanja cha Mashimba hadi ziwani, na kaburi lake likabaki upande wa hoteli. Mwekezaji alishikilia kwamba ulianza kujengwa mwaka 2007, na kwamba mzee, akiwa hai, aliridhia kwa kinywa chake. Bernadeta alikumbuka kwamba ulianza baada ya matanga, lakini kumbukumbu yake haikuwa na uzito kwenye baraza la ardhi. Uamuzi ungetolewa Alhamisi.

Aliigeuza sarafu. Huku uso wa mzungu, huku mwanamke aliyeinua mwenge. Alitafuta mwaka usoni, unapokaa kwenye shilingi, asiuone.

Asubuhi aliipeleka kwa Abubakary, sonara wa Mkuyuni, aitie fremu ya kidani, maana alikwisha kuchoka kupoteza vitu vya baba yake.

"Mama, ukingoni kuna maandishi," alisema Abubakary. "Na fremu haikai mpaka nipige tupa."

"Piga tu. Yasije yakanikwaruza shingo."

Alasiri hiyo, mwaka 2011, pamoja na herufi ndogo ya kiwanda kilichotengeneza sarafu, ulitokea kwenye ukingo wa kikombe cha Abubakary. Kufikia jioni ulikuwa kwenye mifuniko ya sufuria, sahani na ndoo za Mkuyuni nzima. Mama lishe waliusugua kwa stilwaya, wakachoka, wakaendelea kupakua wali.

Abubakary alipiga simu.

"Mama, nimekukosea. Yale maandishi ndiyo yalikuwa mwaka wake. Sarafu ya 2011 isingeweza kuzikwa 2007."

"Basi mwaka umeshapotea."

"Haujaenda mbali. Nanywea kahawa humo."

Alhamisi, mwaka ukiwa umeshafika hadi kwenye vyombo vya Ilemela, mwenyekiti wa baraza aligeuza kidani mara mbili.

"Hii haina mwaka, mama."

"Upo kwenye kikombe chako, mheshimiwa."

Mwenyekiti alikizungusha kikombe taratibu, akasoma mwaka, akasoma na herufi.

"Naona," alisema. "Lakini kikombe hakikuwasilishwa kama kielelezo."

Alimalizia chai yake, akaipa hoteli kiwanja.

Jioni Bernadeta alisonga ugali. Baba yake alikuja akiwa amechelewa, akanawa, akaivuta sahani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ulikubali."

"Lini?"

"Kabla hujafa."

Mashimba alipitisha kidole ukingoni mwa sahani, polepole, mpaka kikaufikia mwaka. Kilitulia hapo kidogo, kisha kikaendelea kuzunguka.

"Niongezee mchuzi, mwanangu," alisema. "Ukuta ule ni mrefu kuuzunguka."