Kila Jumamosi Sikuona Kitu

Kosa lilikuwa langu. Sheldon, msimamizi wa zamu yetu pale ghalani Grand Prairie, aliponiuliza kama nimewahi kuwinda, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Kwetu Fizi, kuwinda ni watu. Wanaume ishirini, mbwa wenye kengele za mti shingoni, nyavu, kelele, matusi, mmoja anaanguka mtoni na wengine wanamcheka hadi jioni. Nikasema Mungu ni mwema, hatimaye nimepata watu wa kukaa nao Jumamosi.

Maana nyumba yangu ya Lewisville ilikuwa imenishinda. Mke wangu Esperance alikwenda Houston kumsaidia binti yetu Orpa alipojifungua. Alisema miezi miwili. Sasa mtoto anatembea, na mimi bado nakula wali wa juzi nikiwa nimesimama mbele ya friji.

Basi Jumamosi ya kwanza ya Novemba Sheldon akanipitia alfajiri, tukaupita mji wa Decatur hadi kwenye shamba analokodi na shemeji yake Humphrey na wenzao wawili. Nikauliza mbwa wako wapi. Akacheka. Akanipeleka kwenye dungu, kibanda cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne mirefu, akanipa bunduki, akaweka kidole mdomoni kunionyesha ninyamaze, akaenda zake. Kila mmoja alipanda dungu lake, mbali na mwenzake. Nilikaa mle asubuhi nzima bila kukohoa. Yaani nilikimbia upweke wa Lewisville nikaja kukutana na upweke mwingine wenye baridi zaidi.

Nikaapa sirudi. Kisha ikafika saa sita mchana. Tulikusanyika kwenye banda la bati, Humphrey akapakua maharage na nyama ya ayala, mnyama huyo mfano wa swala tuliyekuwa tukimwinda na ambaye mimi nilimjua kwa nyimbo za kanisani tu. Kila mtu akatakiwa kusimulia alichokiona. Mmoja aliona mbweha. Mwingine alikiri kwamba alilala, wakamzomea. Ilipofika zamu yangu wote wakanyamaza. Ni lini mara ya mwisho watu wanne walinyamaza ili wanisikilize mimi? Nikawaeleza mbwa wa kwetu na kengele zao, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, na Humphrey akacheka hadi akapaliwa. Tuliketi mpaka saa tisa. Usiku ule sikuwasha hata televisheni.

Lakini kulikuwa na sharti. Mgeni anaruhusiwa dume mmoja tu. Akishampata, dungu anapewa mfanyakazi mwingine, na pale ghalani waliolitaka walikuwa wengi. Tena wote shambani walikuwa wakimsaka dume mmoja mzee, shingo nene, pembe zenye matawi kumi, tawi moja limevunjika ncha. Sheldon alikuwa amemtafuta miaka mitano, na alichowahi kuona ni mkia tu ukiingia kichakani.

Jumamosi ya pili dume huyo akaja kwangu.

Mashine ya kuwamwagia ayala mahindi ya chambo mbele ya dungu ilikuwa imeshanguruma, majike watatu wakala wakaondoka. Kisha nikaona jicho. Sikumwona akija, nilimwona tayari yupo, amesimama pembeni mwa mwerezi kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Nikaelekeza bunduki. Bega lake lilijaa kwenye darubini, na mimi si mtu wa kutetemeka. Ndipo nikafikiria: nikifyatua, watakuja wote mbio, watanipiga mgongoni, tutapigwa picha, na Jumamosi ijayo nitakuwa mbele ya friji. Nikaishusha bunduki.

"Umeona nini, Florent?" Sheldon akaniuliza mezani.

"Sikuona kitu."

Dume akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena. Nilimzoea. Nilimsimulia kimoyomoyo habari za Houston, naye akitafuna mahindi kwa dharau. Mezani niliendelea kusema sikuona kitu, na kwa kunihurumia Humphrey aliniongezea nyama. Uongo ule ulininenepesha, sitaki kuficha.

Jioni moja Esperance akapiga simu.

"Baba Orpa, uko namna gani?"

"Niko bien."

"Na ile nyama ya pori, bado hauipate tu?"

"Bado."

"Sasa unafanyaka nini kule kila samedi?"

"Nawinda, Mama Orpa."

Nilitaka kumwuliza atarudi lini. Sikumwuliza. Nilijiambia mwanamume haombiombi, na simu ilipokatika nikajiona mpumbavu.

Jumamosi ya mwisho ya msimu nilikuja na gari langu. Mezani Sheldon hakuuliza nani kaona nini. Alikuwa na kompyuta mbele yake. Shambani kulikuwa na kamera zilizofungwa mitini, na moja, kumbe, ilielekea dungu langu tangu Novemba. Siku hiyo ndiyo alizitoa kadi zake za picha. Akaigeuza kompyuta ili nione. Dume yule, matawi kumi, karibu kiasi cha kumtupia jiwe. Nyuma yake, dirishani mwa dungu, uso wangu. Jumamosi nne, kila picha na saa yake. Katika ya mwisho hata bunduki sikuishika. Nimeegemeza kidevu mikononi, natabasamu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sheldon akafunga kompyuta taratibu, na nilipomtazama, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Florent," akasema, "nimesoma habari za nchi yako. Vita. Nilipaswa kufikiri kabla ya kukutia bunduki mikononi."

Mimi! Vita nilivikimbia, ni kweli, lakini bunduki ya kuwindia hainitishi kuliko mwiko wa ugali. Nikafungua mdomo.

"Hupandi tena pale juu," akaendelea. "Na mwaka ujao sitakusumbua. Nakuahidi, ndugu yangu."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Humphrey akavua kofia.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Lakini mzee wa miaka hamsini na minane anawaambiaje wanaume wenzake kwamba amewadanganya msimu mzima kwa sababu ya sahani ya maharage na watu wa kumsikiliza? Nikasema asante. Wakanikumbatia mmoja mmoja, wakanijazia sanduku la barafu nyama ya kupelekea familia, wakasimama wakinipungia mikono hadi nikatoka getini.

Decatur nikaingia kwenye kituo cha mafuta, nikazima injini. Hapo Kiingereza kikanijia chote.

"Sheldon," nikasema kwa sauti, "mimi siji kwa ajili ya ayala. Nakuja kula na ninyi. Naomba niendelee kuja."

Nikairudia tena, polepole, nikikitazama kiti kitupu cha pembeni. Sikukosea hata neno moja.