Mwana wa Melbourne

Kila Velika alipompigia simu mwanawe Blagoj huko Melbourne, kutoka kwake Bitola, karibu na mpaka wa Ugiriki, alipewa somo lile lile la jiografia.

"Mama, kutoka huku hadi Bitola ni kilomita elfu kumi na tano. Siku nzima angani, bado kusubiri Dubai, bado Istanbul, halafu basi. Mgongo wangu hauwezi."

"Pole, mwanangu. Pumzika," Velika humjibu, kisha Jumapili akauombea huo mgongo kanisani.

Miaka ikapita hivyo. Hata baba yake alipozikwa, Blagoj alituma shada la maua lenye utepe wa dhahabu. Shada halikulalamikia safari.

Kiangazi hiki Cveta, jirani wa Velika, akaja mbio, simu mkononi, umbea ukimwasha ulimi.

"Shoga, huyu si Blagoj wako?"

Ndiye. Pichani amejilaza kando ya bwawa la hoteli, tumbo juu, glasi mkononi, mkewe Tamsin pembeni.

"Australia kuzuri," Velika akasema.

"Australia gani? Hapo Santorini, Ugiriki, hata jina la hoteli limeandikwa! Yaani kavuka dunia nzima, kaja kuchokea mlangoni kwako!"

Velika hakulia. Alimaliza kahawa yake, akauliza, "Huko kunafikwaje?"

"Basi mpaka Thesaloniki, halafu ndege. Saa moja haifiki."

Kesho yake akaoka burek, ule mkate wa tabaka wa jibini, akaifunga kwenye taulo, akavaa gauni lake jeusi, akaondoka. Kwenye ndege hata hajazoea kiti, akasikia wanatua.

Blagoj alikuwa anaota jua kivuli kilipomwangukia. Akavua miwani.

"Mama! Umefikaje?"

"Kwa ndege, baba. Wewe ulidhani nimeogelea?"

"Tulitaka... tulikuwa tunapanga kukushtukiza."

"Nimeshtuka. Na wewe?"

Tamsin akainuka, akamuuliza mumewe huyo mama ni nani. Alipojibiwa, akang'aka kwa Kiingereza, "Mama yako? Si ulisema hataki kuniona kwake, ndiyo maana hatuendi?"

"Anasemaje?" Velika akauliza.

"Anasema karibu."

"Maneno yote hayo ni karibu? Lugha yao ndefu kweli."

Akaketi kwenye kiti cha mwanawe, akafungua taulo, akamkatia mkwewe kipande kikubwa. Tamsin akala, akalamba vidole, akaomba kingine. Walielewana kwa mikono na kwa kucheka, na waliyemcheka alikuwa amesimama hapo na chupi ya kuogelea yenye picha za mananasi.

Hoteli ilikuwa imejaa. Wanawake wakalala kitandani, Blagoj kwenye baraza, na mbu wa Santorini. Siku ya tatu Tamsin mwenyewe ndiye aliyekata tiketi za kwenda Bitola.

Walipofika, Blagoj akabeba sanduku lake moja kwa moja hadi chumba chake cha utotoni. Akafungua mlango, akakuta mwalimu wa akordioni anapiga pasi.

"Nilipangisha," Velika akamwambia toka jikoni. "Yeye hurudi kila jioni."